Ndovu Waliokua Ukutani

Mimi ni mpiga picha wa familia. Harusi, mahari, watoto kumaliza chuo, na zaidi ya yote mazishi, kwa sababu watu wa Nakuru wanaweza kuahirisha harusi hata mara tatu lakini mazishi hayangoji mtu. Nina sauti. Wako wanaosema ni hiyo sauti wanayoikodi, kamera huja nayo tu. Nikisimama kando ya kaburi nikasema wajukuu waje, wajukuu wanakuja, hata wale waliokuwa wamejificha nyuma ya jikoni na sahani. Nikisema warefu nyuma, wafupi mbele, wazee kwenye viti, hakuna anayebishana. Kuna siku nilimtoa mwanasiasa katikati ya picha ya watoto wa marehemu. Alitoka, akaenda kusimama kwa majirani.

Hiyo ndiyo kazi inayoniweka mjini. Kazi yangu nyingine ni kupiga picha za ndovu, na hiyo hainiweki popote.

Nikisema hivyo, mtu lazima aniambie kwamba Nakuru hakuna ndovu. Najua. Nimezaliwa mtaa wa Section 58. Mbuga yetu ina vifaru, ina nyati, ina nyani wa kutosha kudai kaunti yao, na ina ziwa ambalo siku hizi linatembelea watu majumbani. Ndovu haina. Wangu mimi wako mbele ya Rumuruti, ukishapita Subukia na Nyahururu, kwa mzee mmoja ambaye shamba lake limepakana na ranchi. Nilipiga harusi ya binti yake na tangu hapo tumekuwa jamaa, maana hunipigia simu bila sababu. Ranchi ina bwawa karibu na ua wa umeme, na ukikaa kwenye kiti cha plastiki upande wa mzee, chini kidogo, unaona ndovu wakipanda ukingo wa bwawa kwenda kunywa. Mzee mwenyewe hawaangalii. Kabla ua haujawekwa walimlia mahindi misimu miwili mfululizo, na yeye si mtu wa kusahau. Wakija huniambia tu, "Watu wako hao," kisha anageuza kiti chake kutazama barabara.

Mama yangu alifanya kazi kiwandani hapa mjini, akatulea wasichana wanne katika nyumba ileile anayoishi hadi leo. Baba alikuwa mtu wa reli. Alihamishwa, akawa anakuja Krismasi, kisha Krismasi ikawa inakuja peke yake. Mama hakulia mbele yetu. Alinunua kufuli mpya, akatupikia, tukaendelea.

Mwanamke huyu hakukubali hata siku moja nimpige picha. Niliomba siku za kuzaliwa, niliomba Pasaka, niliomba siku dada yangu mkubwa alipoolewa, ambapo alikaa nyuma ya nguzo ya hema mchana kutwa. Sababu alikuwa akiitoa mbele ya wageni bila haya: watu walio kwenye picha zangu wengi wako chini ya udongo. Tena aliona kwa macho yake picha zangu zikitolewa nyeusi na nyeupe kwenye vile vijitabu vya mazishi, mistari ya wimbo huku, sura ya marehemu kule. "Mimi bado," alisema. Picha nilizopiga za watu wengine alizisifu zote kwa neno moja, nzuri, na alilisema kabla hajavaa miwani.

Kisha ugonjwa wake wa sukari ukaingia machoni.

Rangi ndizo zilizotangulia kuondoka. Alianza kugombana na mama mboga wa pale kwenye kona kwamba anamuuzia nyanya mbichi. Nyanya zilikuwa nyekundu kabisa. Mama mboga, ambaye ana subira kuliko mimi, akawa anazichukua, anazipeleka nyuma ya kibanda, anarudi na zilezile, na Mama anaondoka ameshinda. Tulienda hospitali. Daktari akatueleza vizuri kwamba kilichoharibika nyuma ya jicho hakirudi, kwamba kazi sasa ni kulinda kilichobaki. Mama alimuuliza kitabaki mpaka lini. Daktari akaangalia kompyuta yake kwa muda mrefu, kisha akatuandikia dawa ya matone.

Wakati huo ndovu wangu walikuwa wa rangi. Sijui niseme nini kuhusu ndovu wa rangi. Udongo wa kule ni wa kahawia, nyasi za kiangazi ni za kahawia, na ndovu hujipaka huo udongo mpaka anakuwa sehemu ya shamba. Dada yangu mmoja aliangalia picha niliyojivunia sana akaniuliza ni ya nini. Siku moja wino wa rangi ukaniishia kwenye printa, nami nilitaka tu kuona mpangilio, nikachapa kwa mweusi. Ilitoka ndogo, ukubwa wa kadi ya mwaliko. Niliiacha mezani kwa Mama nikaenda kuchemsha maji.

Niliporudi alikuwa ameishika karibu na dirisha. Nadhani aliichukua akifikiri ni kijitabu cha mazishi, ajue nani tena. Ameisogeza usoni, anaigeuza geuza kwenye mwanga.

"Huyu wa mbele ndiye mama yao," alisema. "Na sikio lake limechanika."

Niliketi. Miaka yote hiyo, na hiyo ndiyo mara ya kwanza mama yangu aliona kitu nilichopiga. Nilifurahi mpaka nikaona haya, nikajifanya natafuta sukari, na katika nyumba ile sukari haikuwepo tangu daktari atuonye. Kuanzia siku hiyo nilijua ninachofanya Rumuruti. Nilitaka aendelee kuwaona wale ndovu mpaka mwisho wa kuona kwake, na nilitaka mwisho wenyewe uchelewe. Jambo hilo sikumwambia mtu, maana ukilisema linasikika kama wimbo wa kanisa.

Basi nilijifunza upya. Kijivu juu ya kijivu Mama hakioni, kwa hiyo ndovu aliyesimama mbele ya kichaka hana faida. Lazima awe juu ya ukingo wa bwawa, anga nyuma yake, na anga yenyewe iwe nyeupe, ile ya saa saba mchana ambayo kwenye harusi huwapa watu mashimo badala ya macho. Ndovu akitoka majini anakuwa na mstari kama wa gari lililopita matopeni: chini mweusi unaong'aa, juu ameganda vumbi jeupe. Hapo ndipo nilipokuwa napiga. Nilikaa kwenye kiti cha mzee nikingoja waingie majini na watoke, na kama wangetoka upande ule mwingine nilikuwa nimeenda bure. Nilishawahi kuwapigia kelele. Ndiyo, mimi, mtu mzima, nilisimama kando ya ua wa umeme nikawaambia wafupi waje mbele. Mzee aligeuza kiti akaniangalia, na ndiyo mara pekee nimemwona akitazama upande ule kwa hiari.

Ndovu hawapangiki. Mama yao huenda anakotaka na wengine humfuata, majike wakubwa kwa wadogo, na watoto katikati. Nilimpelekea Mama kila picha, naye akawa anawasoma mmoja mmoja kama anavyosoma watu wakiingia kanisani. Huyu mnene ni shangazi, ona anavyojiingiza kila mahali. Huyu kijana jike ana kiburi, atasumbua. Yule mdogo anayetembea chini ya tumbo la mama yao alimpenda mno, na nikikosa kumleta kwenye picha aliniuliza yuko wapi, kana kwamba nilikuwa nimeachiwa nimlee. Akaniuliza pia baba yao hukaa wapi. Nikamweleza kwamba madume wakikua huondoka kwenye familia, wanaishi kivyao, wanapita mara mojamoja wakiwa na haja zao.

"Hao nawajua," alisema Mama, akanirudishia picha.

Picha zikaanza kukua. Ile ya ukubwa wa kadi ilikuja kushindikana, nikachapa ya ukubwa wa karatasi ya barua. Hiyo ikaenda, ikashindwa, nikachapa ya ukubwa wa kalenda, na kalenda yenyewe tukaitoa ukutani. Baadaye ya ukubwa wa sinia. Picha ya harusi ya dada yangu ilihamia jikoni, juu ya friji, na mpaka leo dada yangu akipiga simu huanza na hiyo habari. Kila mara Mama alisema naongeza ukubwa kwa kujionyesha. Nami nilikubali kwamba najionyesha. Tulikuwa tunajua wote wawili kwamba ndovu hawajaongezeka chochote.

Iliyofuata, ya ukubwa wa meza, ilimchukua asubuhi nzima. Aliinama juu yake, pua karibu iguse karatasi, anatembeza uso polepole kutoka kona hadi kona. Nilitaka kumwonyesha kwa kidole nikajizuia. Mwishowe alipata sikio lililochanika, akaliwekea kidole chake mwenyewe, akapumzika. Kanisani alikuwa ameacha kwenda, anasema miguu inauma. Miguu ilikuwa mizima. Hakutaka kusalimiwa na watu asiowaona ni nani.

Niliogopa. Nikaenda Rumuruti kesho yake, na siku hiyo ndovu wakafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona. Walipotoka majini, yule jike kijana mwenye kiburi alipanda ukingo kwanza. Mdogo alimkimbilia yeye. Shangazi na wengine wakafuata, na mama yao mwenye sikio lililochanika akapanda wa mwisho, peke yake, nafasi kubwa kati yake na wengine, anga nyeupe pande zote. Nilipiga mpaka kadi ya kamera ikajaa. Hiyo nikaichapisha kubwa kama mlango.

Picha ya ukubwa huo haibandikwi kwa gundi, inahitaji ubao na fremu. Nikaipeleka kwa fundi wangu wa fremu mjini, ambaye kazi zangu zote kwake ni picha za marehemu, zile zinazobebwa mbele ya jeneza. Siku ya kuichukua nilikuwa nimetoka mazishini Gilgil, kwa hiyo nilikuwa nimevaa nguo nyeusi. Fundi alikuwa ameshaifunika kwa shuka jeupe kama anavyofunika zote, na alikuwa na haraka ya kufunga duka. Vijana wawili waliipakia kwenye pikapu, wakaishusha Section 58, wakaibeba taratibu kwa sababu ni nzito, mmoja mbele, mmoja nyuma, na mimi nikifuata kwa nguo zangu nyeusi. Jirani yetu alikuwa anaanua nguo kwenye kamba. Nilimpungia mkono. Hakupunga. Alishika mdomo, akaingia ndani.

Sikufikiria chochote. Nilikuwa na njaa.

Nilikuwa jikoni naweka chai nilipowasikia. Akina mama wa kanisa walikuwa wanaingia langoni kwa wimbo wa chini, ule wa kufariji, vitambaa vya kichwa vyote vya siku kubwa. Walikuwa na flaski, mikate, majani ya chai na sukari, kila mmoja na paketi yake ya sukari. Mwenyekiti wao alibisha. Mama, ambaye kwenda mlangoni kwake hahitaji macho, alifungua.

"Karibuni," alisema. "Nani amekufa?"

Wimbo ulikatika katikati ya ubeti. Ni swali gumu ukiulizwa na marehemu.

Mwenyekiti akajikusanya, akasema walikuwa wanapita tu, wakaona wamjulie hali. Mama akasikiliza viatu vilivyokuwa vinahangaika kwenye saruji, vingi, akauliza kama wote walikuwa wanapita. Akawakaribisha ndani. Waliketi kwenye makochi, kwenye viti vya jikoni, na wawili kwenye kreti za soda, wote wakitazama kitu kikubwa kilichofunikwa shuka jeupe na kuegemezwa ukutani. Sukari ilipangwa mezani mbele ya mgonjwa wa sukari. Mama akaniambia niwafungulie wageni waone.

Nikavuta shuka. Ndovu wakatokea, wakubwa kwelikweli, na kwenye kona ya fremu ulikuwa umefungwa utepe mpana wa zambarau na ua la plastiki. Nilimpigia fundi simu baadaye nikamsema nilivyoweza. Hakuona kosa. Aliniambia kazi zangu zote huwa na utepe, na kwamba siku hizi watu wanazikwa hata na picha ya trekta, yeye angejuaje.

Akina mama walitazama utepe. Kisha walitazama ndovu, mmoja baada ya mwingine, kwa heshima. Mwenyekiti akasema ni kubwa. Mwingine akasema Mungu ni mwema. Mama akainuka kitini mwenyewe, akasimama kando ya picha, uso umeelekea wageni, na mkono ukiwa juu ya kioo.

"Huyu wa mbele ndiye mama yao," alisema. "Sikio limechanika. Na huyu mdogo, mwoneni, hatoki chini ya tumbo lake."

Mkono wake ulikuwa juu ya yule jike kijana, ambaye masikio yake ni mazima. Chini ya tumbo hapakuwa na kitu. Mdogo alikuwa huko mbele anakimbia, na mama yao alikuwa nyuma kabisa, mwishoni mwa fremu, karibu na utepe.

Wageni waliitikia. Ni kweli, walisema, hatoki kabisa. Sijui kama hawakuangalia au walikuwa na adabu. Nilikuwa nimesimama na sinia la chai. Alikuwa anaeleza ile picha ya ukubwa wa meza. Hii ya mlango hakuiona hata kidogo. Nilikuwa nimechelewa, na hakuna karatasi kubwa kuliko hiyo.

Walikunywa chai, wakaomba, kwenye maombi wakataja maisha marefu mara nyingi kuliko kawaida, wakaondoka. Sukari waliacha. Niliosha vikombe polepole, nikakausha hata vile vilivyokuwa havijatumika. Niliporudi Mama alikuwa ameketi dirishani.

"Nilikosea wapi?" aliuliza.

Nilimuuliza kwa nini anafikiri alikosea.

"Kwa sababu ulinyamaza. Wewe na huo mdomo wako."

Sikuwa na pa kujificha. Nikavuta kiti nikakaa karibu yake, nikamweleza picha kama ninavyopanga watu, kuanzia mkono wa kushoto. Kwanza mdogo, anakimbia, mkonga juu. Nyuma yake yule wa kiburi, ndiye ametangulia. Shangazi amejiingiza kati, kama kawaida yake. Kisha nafasi, anga tupu. Kisha mama yao. Mama akauliza ile nafasi ni kubwa kiasi gani, nikamwambia ndovu wawili wangeenea. Akauliza kama amechoka. Nikasema haonekani kuchoka, anatembea tu, anawaona wote walio mbele yake. Nililia bila sauti, nikidhani hajui, mpaka aliponipa leso yake.

"Nimevaa rangi gani?" akauliza.

"Kijani."

"Nilidhani ni ile ya bluu." Akanyoosha gauni magotini. "Haya. Lete kamera unipige."

Nilifikiri sikusikia vizuri. Akasema nisimfanye arudie, na akaongeza kwamba iwe ya rangi. Ile ya nyeusi na nyeupe tutaichapa sisi wenyewe, yeye akiwa hayupo wa kuulizwa.

Nilileta kamera. Mwanga wa dirisha ulikuwa mzuri, wa jioni, umelala upande mmoja wa uso wake. Nikainama, nikapima, na mdomo ukasema wenyewe neno ambalo nimewaambia watu wote wa nchi hii, wenye harusi na wenye msiba. Nikasema, angalia hapa.

Mama akageuza kichwa. Akapita kamera, akapita bega langu, akaishia kwenye ukuta wa ndovu, akarudi, akapita tena.

"Hapa ni wapi?" alisema. "Ongea, nifuate sauti."

Nikaongea. Nilisema yale ninayoyajua, inua kidevu, legeza mabega, huyo wa mwisho aingie ndani kidogo, ingawa hapakuwa na mwingine yeyote, na uso wake ukawa unakuja, kidogo, kidogo tena, mpaka macho yake yakasimama katikati ya lenzi, yananiangalia mimi hasa. Nikapiga.

"Umemaliza?" akauliza.

Nikamwambia bado, nikaendelea kuongea.